Tendua

Jumamosi tatu mfululizo, Januari,
Naryn imeganda hadi ndani ya kufuli,
nasi walimu kumi na wanane tumeketi na makoti
katika ukumbi wa shule,
kila mmoja na kishikwambi chake cha kuazimwa,
kibandiko cha wizara hakijachunika.
Jiko la makaa ya mawe linakohoa pembeni.
Nina miaka thelathini na mmoja ubaoni,
chaki imenila kucha,
na leo nimeambiwa nianze na nywila:
isiwe jina la mwanangu, wala mwaka niliozaliwa,
wala neno ambalo anijuaye angelibahatisha.
Nimebaki na nini, basi?
Nikaweka jina la farasi wa marehemu baba,
nikalinakili kwenye karatasi,
karatasi nikaificha ndani ya kofia.

Mkufunzi ni Emilbek.
Aliingia na begi, waya shingoni,
ndevu zimemwotea kwa uchache,
akatuamkia mmoja mmoja, na mimi akaniita
Burulcha-eje, kwa sauti ile ile ya dawati la nyuma.
Nilidhani hanikumbuki.
Kisha nikadhani ananikumbuka, nikatazama meza.

Huyu alikuwa akiziandika herufi kinyumenyume,
zikitazama dirishani kama yeye.
Imla ya Novemba: makosa arobaini na mawili.
Niliyahesabu kwa sauti. Wino mwekundu ukavuja
mpaka ukurasa wa pili. Nikamwambia mbele ya wenzake,
"Wewe kachunge. Kondoo hawaulizi imla."
Darasa likaangua kicheko, na mimi, Mungu anisamehe,
nilikipenda kile kicheko.

Leo kidole changu kimoja kinadonoa kioo
kama kuku asiye na hakika na punje.
Nilikuwa natafuta nukta, nikafuta aya nzima.
"Nimeharibu!" nikapaza sauti,
na Salkynai wa kemia akacheka mpaka baursak ikampalia.
Emilbek akaja, akachuchumaa kando ya kiti changu
(mimi sikuwahi kuchuchumaa kando ya cha mtu),
akasema taratibu, "Eje, humu hakiharibiki kitu.
Unauona mshale huu uliopinda? Tendua."

Nikagusa. Aya ikarudi na koma zake zote,
kama kondoo waliopotea wakajileta wenyewe zizini.
Nikagusa tena, na tena, kwa uroho,
nikarudi nyuma hadi ukurasa ukawa mweupe
na mimi sijaandika kitu,
sijamkosea mtu.

Kufunga kuna kufungua.
Kukunja, kukunjua. Kuziba, kuzibua.
Hata kosa lina kukosoa,
ndiyo kazi iliyonilisha miaka yote hii.
Ila kusema? Nimelizungusha neno mdomoni
pamoja na chai ya chumvi iliyopoa.
Halina mkia wa kulirudisha.

Mwishoni ametutumia fomu. "Umejifunza nini?"
Wenzangu wanajaza: kutengeneza slaidi,
kuhifadhi faili, kukuza picha kwa vidole viwili.
Mimi nimeandika, nikafuta, nikaandika:
"Ile imla. Aliyekosea ni mimi."
Chini yake fomu inasema: Jina si lazima.

Nje mtu anampangusa farasi theluji mgongoni.
Nimeandika jina, lote, na la baba,
kila herufi ikitazama inakopaswa.
Mshale uliopinda uko pale pale juu, unang'aa.
"Eje, umeshatuma?"
"Ngoja," nikasema,
nikavua na glavu ya pili.